Anayelisha Siye Anayeumwa

Tarehe 5 Disemba 2010, bibi mmoja mtalii kutoka Ujerumani aliingia kuogelea mbele ya hoteli huko Sharm el-Sheikh, Misri, akashambuliwa na papa na kufa. Siku chache kabla yake watu wanne walikuwa wamejeruhiwa vibaya kwenye fukwe za mji uleule. Wakubwa wa pale walifunga bahari, wakavua papa wawili, wakatangaza kuwa mambo yametengemaa, wakaifungua. Kifo kikaja baada ya kufunguliwa.

Wataalamu walioitwa kuchunguza walitaja sababu kadhaa kwa pamoja: uvuvi uliomaliza samaki, maji yaliyopata joto kupita kawaida, mizoga ya kondoo iliyotupwa kutoka meli ya mifugo msimu wa Idd el-Hajj, na wazamiaji waliozoea kuwalisha papa kwa mkono. Hili la mwisho baadhi yao walilihusisha na majeraha yenyewe. Papa aliwaendea watu kwa nyuma, akalenga makalio na mikono. Na kiunoni ndipo mwongozaji wa wazamiaji hufunga mkoba wa samaki, na kwa mkono ndivyo anavyomtolea mnyama.

Walioumwa hawakuwa wamemlisha papa yeyote. Walikuwa watalii wenye miwani ya kuogelea, wamelipia likizo. Mjadala wa kulisha papa kwa kawaida huendeshwa kana kwamba ni shauri la mzamiaji na roho yake: mtu mzima, ana leseni, ameamua kuihatarisha ngozi yake, mwache. Lakini yeye ana suti, ana mwongozaji na ana boti juu yake. Anayebaki na papa aliyezoeshwa ni mwingine, aliyekuja kuoga kesho yake.

Nayasema haya kwa sababu ya bahari iliyo jirani yangu. Nakaa Ghala, Maskati, Oman, mtaa wa karakana, maduka ya vipuri na magorofa mapya chini ya majabali ya Bawshar. Ukivuka barabara kuu uko Azaiba, na Azaiba ni pwani. Ijumaa jioni, jua likishapunguza makali, huendi mbali mchangani bila kusikia Kiunguja: kina mama na chupa zao za chai, watoto wanakimbizana, wazee wanabishana mambo ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mbele ya Qurum kiko kisiwa cha Fahal, ambacho wazamiaji wa kigeni wamekipachika jina la Kisiwa cha Papa. Upande wa magharibi, mbali kidogo na nchi kavu, viko visiwa vya Daymaniyat, 9 kwa idadi, hifadhi ya serikali tangu 1996. Kasa huja kutaga huko, ndiyo maana kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba hairuhusiwi kushuka ufukweni mwake, na wakati wowote mwingine huendi bila kibali.

Papa wa Daymaniyat ni wa kuonea fahari. Wale wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi huzunguka kwenye maji ya kina kifupi, ukiwakaribia wanaondoka. Wapo wa madoadoa na mkia mrefu, wanaopumzika chini mchangani mchana kutwa. Na kuanzia Agosti hivi hadi Oktoba hupita potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na haja na nyama yako wala yangu: riziki yake ni dagaa, uduvi na mayai ya samaki anayoyachuja majini. Potwe waliopigwa picha kwenye visima vya mafuta vya Al Shaheen, Qatar, wanapokusanyika kula mayai ya samaki wa jamii ya jodari, baadhi yao wameonekana tena Oman. Wanajulikana kwa madoa ya ubavuni, ambayo kila mmoja ana yake. Na njia ya kompyuta inayowatofautisha iliazimwa kwa wanaastronomia, walioitumia kulinganisha picha za nyota.

Sasa tazama kinachofanyika boti ikifika. Nahodha anazima mashine, anatoa mkate wa siku iliyopita, anaukatakata na kuurusha. Kufumba na kufumbua maji yanajaa samaki wadogo wenye mistari myeusi, watoto wanapiga kelele za furaha, simu zinatolewa. Mpaka hapo utasema hakuna ubaya. Lakini nimeona pia boti iliyoning'iniza kichwa cha jodari kwa kamba, nusu ndani ya maji, ili abiria wapate picha ya papa. Kilikuwa kimeshalegea, macho yametoka, na utandu wa mafuta ulikuwa unatambaa juu ya maji kufuata mkondo. Papa walikuja, wawili kisha wengine, wale wa ncha nyeusi ambao siku zote hukimbia. Hawakukimbia. Walipita chini ya boti wakageuka wakapita tena, kila mara karibu zaidi, na mmoja akaigonga ngazi ambayo dakika chache nyuma mtoto wa watu alikuwa ameikalia miguu majini. Nahodha alipewa bakshishi nono siku hiyo. Simlaumu kwa kuipokea, ana watu wa kulisha nyumbani kwake.

Mpwa wangu, ambaye juzijuzi amepata leseni ya kuzamia, alinicheka nilipomsimulia. "Mjomba, wale wapole kuliko paka," akasema.

Nikamwambia paka ndiye mfano wenyewe. Paka wa soko la samaki la Mutrah hawamuumi mtu, wala hawana chuki na mtu. Lakini pita na mfuko wa plastiki mkononi, hata kama ndani mna nyanya tupu, uone watakavyokufuata na kukukwaruza gauni. Wamejifunza mlio wa mfuko. Tofauti ni kwamba paka ana kilo nne na huonja kwa pua.

Kwamba papa hujifunza si jambo la kubahatisha. Mwaka 1958, Florida, mwanabiolojia Eugenie Clark aliwafundisha papa wa limau, wale wenye rangi ya manjano hafifu, kusukuma ubao kwa pua: ukisukuma, kengele inalia na unapata samaki. Waliushika mchezo upesi, na walipoachwa majira ya baridi bila mazoezi, walirudi wakiwa hawajausahau. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, waliwazoesha papa wadogo kwenda kwenye chakula wakisikia muziki wa jazi. Ilipofika hatua ya kutofautisha jazi na muziki wa klasiki, wakababaika. (Sijui wangefanyaje na taarabu, ambayo wimbo mmoja unaweza kumaliza samaki wote wa ndoo.) Hayo ya maabara yana maana kubwa baharini, kwa sababu papa husikia vizuri mno sauti nzito za chini, na mashine ya boti ni sauti ya namna hiyo. Ile hadithi ya kunusa tone moja la damu kutoka maili nyingi imetiwa chumvi. Wala hana haja ya tone. Boti ikija na chakula Ijumaa hii na Ijumaa ijayo, mlio wake unatosha kumwita.

Katika kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa, Eric Clua na wenzake waliwafuatilia kwa karibu miaka minne papa wa limau waliokuwa wakilishwa kwa ajili ya wazamiaji. Baadhi ya papa walizidi kukaa palepale, na ugomvi kati yao ukaongezeka. Watafiti wakaonya kuwa hilo linaongeza hatari ya mtu kuumwa. Aprili 2025, kwenye pwani ya Hadera, Israel, ambako papa hukusanyika kufuata maji ya joto ya mtambo wa umeme na watu walikuwa wamezoea kuwaendea, kuwagusa na kuwarushia samaki, muogeleaji mmoja aliuawa. Ni papa wa jamii ambayo haina sifa ya kuua watu. Clua, yuleyule wa Moorea, na mwenzake Kristian Parton waliandika baadaye kwamba chanzo yaelekea ni tabia ya kuombaomba iliyotokana na kulishwa: papa anamkaribia mtu akidai, anauma kwa kupapasa, damu inatoka, na waliobaki wanaingia.

Upande wa potwe, mfano ni Oslob, Ufilipino. Tangu mwishoni mwa 2011 wavuvi wa kijiji cha Tan-awan wamekuwa wakiwalisha potwe uduvi kwa mkono, kila asubuhi, mbele ya watalii wanaofika kwa mamia ya maelfu kwa mwaka. Kijiji kimepata pesa ambayo bahari haikuwahi kukipa. Hilo ni kweli, na anayelidharau hajawahi kulala na njaa. Lakini wale potwe, ambao kawaida yao ni kusafiri, baadhi yao wameacha kuondoka kwa miezi na hata miaka. Wanasimama wima majini, mdomo juu, wakingoja kumiminiwa. Wamejua kwamba ngalawa ni chakula, na hawawezi kujua kwamba ngalawa ya Tan-awan ni chakula ilhali boti ya mashine ya mji wa pili ni panga. Watafiti wamehesabu makovu kwenye ngozi zao. Hapa kibao kimegeuka: potwe hamli mtu, kwa hiyo anayeumia ni yeye.

Wapo wanaosema mimi na wenzangu tunatia chumvi, na wana hoja. Utafiti uliochapishwa 2012 ulilinganisha papa wa milia wa Bahamas, ambao hulishwa kwa ajili ya wazamiaji, na wa Florida, ambako kuwalisha kumepigwa marufuku tangu 2002. Ilitarajiwa wa Bahamas wawe wamelemaa, hawatoki nje ya uwanja wao. Vipimo vya setilaiti vikaonyesha kinyume: walisafiri mbali zaidi, wakaingia hadi katikati ya Atlantiki. Afrika Kusini nako, kwenye ghuba ya False Bay, watafiti waliona papa weupe wengi wakiichoka boti yenye chambo isiyowapa mlo wa maana. Kwa hiyo papa si wote sawa. Mkubwa anayezunguka bahari kuu huonja na kwenda zake, ila mdogo wa miamba, mwenye mtaa wake, hubadilika zaidi. Kule Osprey Reef, Australia, papa wenye ncha nyeupe, ambao mchana hulala na usiku huwinda, siku za kulishwa walikatisha usingizi na kutumia nguvu zaidi kwa kungoja mlo.

Lakini wa kwetu Daymaniyat ni wa aina gani? Ni hao hao wadogo wa miamba, wenye mtaa. Hoja ya Bahamas haituhusu sana.

Hoja ninayoiheshimu zaidi inatoka Fiji. Mwaka 2004 huko Beqa ilianzishwa hifadhi ya bahari inayoitwa Shark Reef. Papa fahali, jamii yenye sifa mbaya kweli, hulishwa pale na watu waliofunzwa. Kila mzamiaji hulipa ushuru unaokwenda vijijini. Na wanavijiji wameacha kuvua kwenye mwamba ule. Papa aliye hai amekuwa na thamani kuliko mapezi yake. Sisi tunaopika papa mkavu wa nazi, na wenyeji wetu wa hapa wanaomla kwa jina la awal pamoja na vitunguu na ndimu, tunajua papa aliyekufa ana bei gani sokoni. Ikiwa kumlisha ndiko kutakakomwokoa, kwa nini kukataza?

Jibu langu ni kwamba Fiji imefaulu kwa sababu mlango ni mmoja. Mwamba ni mmoja, wanaolisha wanajulikana kwa majina, na hakuna anayeogelea pale na familia yake. Maskati boti zinatoka marina ya Al Mouj, zinatoka Seeb, zinatoka Qurum, nyingine za kampuni, nyingine za watu binafsi wanaoalika marafiki. Papa aliyelishwa na stadi asubuhi ndiye atakayekutana na mtoto wangu alasiri.

Na si wazamiaji tu wanaolisha. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu inayosahaulika upesi. Mogadishu, miaka ya 1970 na 1980, machinjio yalikuwa kando ya bahari, na damu na matumbo yalikuwa yakiishia majini. Papa wakazoea kuja. Waogeleaji kwenye fukwe za mji wakashambuliwa, wengine wakafa, na kizazi kizima kikakua kikiiogopa bahari iliyo mlangoni mwake. Hakukuwa na mzamiaji wala bakshishi wala kamera. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumlisha papa, ila papa hajui nia. Pale Azaiba mvuvi akirudi alfajiri akamtoa samaki matumbo palepale ukingoni, maji ya magoti, amefanya kazi ileile ya nahodha wa mkate na kichwa cha jodari. Sheria ya uvuvi ya Oman inakataza kutupa sehemu na masalio ya papa baharini au pwani. Sioni kwa nini katazo hilo lisipanuliwe likagusa matumbo ya nguru na jodari katika fukwe ambazo watu huoga, na mizoga ya mbuzi wakati wa Idd.

Wenye boti wataniuliza: bila chambo tutauza nini? Nawaelekeza Mafia. Kwenye ghuba ya Kilindoni potwe huonekana hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, na hakuna anayewamiminia kitu. Wanakuja kwa ajili ya uduvi na dagaa wa pale, wavuvi wenye nyavu wanakuja kwa dagaa haohao, na watalii wanakuja kwa ajili ya potwe. Nahodha mzuri wa Kilindoni anasoma maji na ndege, anauliza wavuvi wa usiku wameona nini, kisha anakwenda. Kuna siku hamwoni kitu, na mnarudi mkiwa mmelipia upepo. Watafiti walipowafunga potwe wa Mafia vifaa vya kufuatilia, waligundua kwamba wengi wao hawaondoki hata msimu ukipita. Wanasogea tu maji ya ndani zaidi, wasikoonekana. Hawa wanakaa kwa hiari yao, kwa kufuata riziki isiyotoka mkononi mwa mtu, na wa Oslob wanakaa kwa sababu ya ndoo. Kwenye picha huwezi kuwatofautisha.

Siisifii Mafia kama pepo, maana mtalii hubadilisha mnyama hata bila chakula. Kizimkazi, Unguja, pomboo waliwahi kuvuliwa na kukatwakatwa kuwa chambo cha papa, mpaka katikati ya miaka ya 1990, utalii ulipoonekana una faida kuliko chambo. Wameokoka. Lakini boti zilivyozidi kuwaandama, watafiti waliona kwamba boti zikiwepo pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo na huhangaika zaidi. Kwa hiyo hata tukiacha kulisha, mashine zizimwe mapema na boti zipangiwe idadi. Ila hilo linarekebishika jioni boti zikiondoka. Mazoea ya chakula hayaondoki jioni.

Kinachonipa haraka ni pesa. Oslob leo haiwezi kuacha hata ikitaka: nyumba zimejengwa kwa uduvi ule, watoto wamesomeshwa, na mwanasiasa atakayethubutu kuufunga utalii huo atapoteza kiti. Hapa Maskati bado ni mkate mkavu na kichwa kimoja cha jodari, desturi ya manahodha wachache wanaotafuta cha ziada. Hakuna anayeishi kwa hiyo. Kuizuia leo hakumnyimi mtu mlo wake, na baada ya miaka mitano sidhani kama itakuwa hivyo.

Mamlaka ya Mazingira tayari ndiyo inayotoa vibali vya Daymaniyat, kwa hiyo si lazima kungoja sheria mpya. Sharti moja liingizwe kwenye kibali: boti itakayokutwa ikitupa chakula cha aina yoyote majini, mkate ukiwemo, inapoteza kibali cha msimu mzima. Mkate najua utachekwa. Nautaja makusudi, kwa sababu mlinzi wa doria aliye umbali wa mita 200 hawezi kutofautisha mkate na minofu, na sharti lenye mianya ya namna hiyo halilindiki. Fahal nayo iwekewe sharti hilohilo. Kampuni zikatazwe kuandika kwenye matangazo kwamba papa ataonekana bila shaka, maana ahadi hiyo ndiyo inayompeleka nahodha sokoni asubuhi kutafuta kichwa cha jodari. Agosti potwe wataanza kupita, na sharti litangazwe kabla ya hapo. Na kwa kuwa baadhi ya wanaoshika usukani wa boti hizo si wasomaji wa Kiarabu wala Kiingereza, vibao vya marinani viandikwe pia kwa Kibengali na Kimalayalam. Na cha Kiswahili kiwekwe Azaiba, kwa ajili yetu tunaokwenda na watoto.